Jirani Alisikia: Maneno Yangu kwa Wasomaji Wenzangu wa Mombasa

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi asubuhi katika kikao chetu cha wasomaji. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokwama kwenye foleni ya feri na waliokuwa na harusi. Picha za majalada nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa nusu saa nieleze niliyoyasoma mwaka huu, na zaidi ni riwaya za upelelezi. Mimi si mwalimu wa fasihi. Ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mchana kutwa nasoma hati za shehena, na jioni nikivuka Likoni nasoma riwaya. Kwa hivyo nitasema kama msomaji, na atakayenipinga anipinge kama msomaji.

Naanza na penseli.

Mwezi wa pili niliazima nakala kuukuu ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, niliyoisoma utotoni nikausahau mwisho wake. Jalada limeshonwa kwa uzi, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Sikuwa nimefika mbali nikakuta, ukingoni mwa ukurasa, kando ya jina la mtu mmoja wa kisani, maandishi madogo ya penseli: "Ni huyu." Maneno mawili tu. Ndugu zangu, mnaujua uchungu huo? Mnajua mtu kukupokonya kitu ambacho hata hujakishika tena? Nikakifunga kitabu. Nikakaa na hasira zangu siku mbili. Yaliyofuata nitawaeleza, lakini si sasa.

Sasa nijibuni. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Nyumba yangu haina mlango.

Naam, yai. Hicho hata watoto wanakijua. Lakini wangapi kati yetu bado tunakumbuka sheria ya asiyejua? Akishindwa anaambiwa, nipe mji. Naye anatoa: nakupa Lamu. Mtegaji anaupokea mji, anajitapa kwamba ameingia Lamu, amekaribishwa, amekula, amekunywa, ndipo anatoa jibu. Jibu lina bei. Bei yake ni kukiri mbele ya watu kwamba umeshindwa. Na mtegaji naye ana deni: jibu lake lazima liwe limekaa ndani ya maneno aliyotega. Akisema nyumba yangu haina mlango, kisha akajibu "meli", mtamwacha na mji wenu? Mtamnyang'anya! Mtamtoa barazani!

Mimi riwaya ya upelelezi naipima kwa sheria hiyo hiyo. Mwaka 1929 padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe aliandika hadithi za aina hii, aliweka amri kumi za kazi hiyo. Mojawapo inasema mpelelezi asiokote dalili yoyote bila msomaji kuonyeshwa papo hapo. Nilipoisoma nikasema, padri huyu angekaa vizuri na wazee wetu wa Kibokoni.

Mwezi wa nne nilimaliza The Murder of Roger Ackroyd, ya Agatha Christie. Kilipotoka mwaka 1926 kuna waliolalamika kwamba wametapeliwa. Nilifika ukurasa wa mwisho nimesimama kwenye feri, kati ya pikipiki na mkokoteni wa madumu ya maji. Feri imeshafika, watu wananisukuma nishuke, nami nimeganda. Nikaenda kukaa kando ya barabara, upande wa Likoni, nikarudi nyuma sura baada ya sura kwa mwanga wa kibanda cha mhogo. Na nilikuta nini? Nilikuta sentensi ziko palepale, wazi, hazijafunikwa na chochote. Nilizipita mbio kwa sababu nilijiona nawajua watu wale. Christie hakunitapeli. Nilimpa mji kwa moyo mkunjufu, na akitaka wa pili nitampa.

Baadaye mwezi wa tano nikasoma kingine, kipya, kinene, jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu, jina lake nitalihifadhi. Muuaji alitokea kurasa chache kabla ya mwisho. Hakuwahi kunywa hata chai ndani ya kisa. Kitabu kizima nimehangaika na watu kumi, kumbe mwandishi alikuwa na wa kumi na moja mfukoni! Huo ni wizi. Nasema tena, huo ni wizi. Msomaji ametoa usiku wake sita, na usiku hauna wa kuurudisha.

Nimesema nilijiona nawajua watu wale. Hapo ndipo nataka tukae.

Nilipokuwa shule ya msingi nilimsomea bibi yangu riwaya za Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Bibi hakuwa akisoma herufi za Kirumi, alisoma za Kiarabu. Basi baada ya isha anakaa mkekani, ukili mkononi, anasuka, nami nasoma kwa sauti. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya hadithi za Kiswahili ya 1957–58 na ukachapishwa 1960, kwa hivyo bibi alikuwa mama wa watoto wakati kitabu kinatoka. Maiti inapatikana kwenye mzimu. Watu wanasema mzimu umekasirika. Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum hawakubali. Mimi mtoto nilikuwa nafuata nyayo, saa, nani alikuwa wapi. Bibi hakujali hata kimoja. Kila akitajwa mtu mpya, ukili unasimama, bibi ananiuliza: "Huyo mamake ni nani?"

Namwambia, bibi, bado hawajasema.

"Basi ngoja. Watasema. Na wakisema, usisahau."

Nilidhani bibi amepotea njia. Nimerudia riwaya zile mwaka huu nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na naona bibi ndiye aliyekuwa akisoma, mimi nilikuwa nahesabu. Vitabu vya Bwana Msa vimejaa nasaba. Nani kazaliwa na nani, nani kalelewa pasipo kwao, nani anamrithi nani, nani jina lake la kweli halisemwi. Mwandishi alimchukua mpelelezi wa Kizungu, kiko na yote, akamtua katika mji ambako siri kubwa haifichwi kwenye kasha la chuma. Inafichwa ndani ya ukoo. Na kwenye ukoo, siri ina wenyewe wanaoijua. Mkunga anaijua. Yaya anaijua. Jirani anaijua.

Jirani. Mnaona ninakokwenda?

Niwataje wawili wa mbali. Wa kwanza ni Keigo Higashino wa Japani, The Devotion of Suspect X, kilichotoka kwa Kijapani mwaka 2005. Nimekisoma kwa Kiingereza. Mwalimu wa hisabati, Ishigami, anaishi chumba cha pili na mwanamke aitwaye Yasuko na binti yake. Mtalaka wa Yasuko anakuja kuwasumbua, anauawa humo humo ndani. Nani kaua tunajua tangu mwanzo. Mwalimu amesikia kupitia ukutani, naye anajitokeza kuwasaidia kuficha. Ndiyo hadithi yenyewe! Ukuta, na mtu aliyesikia upande wa pili. Mwandishi anakupa muuaji bure kabisa, na bado anabakisha kitu kitakachokuvunja goti mwishoni. Nililia ndani ya matatu, sioni haya kusema.

Wa pili ni Oyinkan Braithwaite wa Nigeria, My Sister, the Serial Killer, 2018. Kitabu chembamba, sura fupi fupi, wengi wenu mmekisoma. Korede ni muuguzi Lagos. Mdogo wake Ayoola anampigia simu: nimeua tena. Tena! Na Korede anakwenda na vifaa vyake kusafisha. Anajua dawa ipi inatoa damu, anajua pembe zipi watu husahau kupangusa. Anamwambia siri zake mgonjwa mmoja aliyelala bila fahamu, kwa kuwa hasikii. Ni kitabu cha kuchekesha na kutisha kwa pamoja. Lakini nilipokimaliza sikumfikiria Ayoola. Nilimfikiria baba yao, mtu mkatili, na nyumba nzima iliyoishi na ukatili wake midomo ikiwa imefungwa.

Mnakumbuka kikao chetu juu ya kitabu hicho? Mnakumbuka tulivyogombana? Kuna aliyesema, mdogo wangu siwezi kumpeleka polisi, nitamsitiri, damu ni damu. Kuna aliyesema, ningempeleka hata kama mama angenitoa radhi. Kina mama wawili hapa walitoka bila kuagana. Na neno lililokuwa likirudi kila mara lilikuwa moja. Sitara.

Sitara ni jambo kubwa kwetu. Tumelelewa nayo. Anayemsitiri mwenzake, Mungu atamsitiri. Mtu akikosea humwaniki. Mji wetu nyumba zimebanana, madirisha yanatazamana, sauti za jikoni kwa fulani unazijua kama zako. Bila sitara hatungeweza kuishi wiki moja. Mimi sitara naipenda. Nataka mjue hivyo kabla sijasema ninalotaka kulisema.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukikaa Majengo. Nyumba ya pili kulikuwa na msichana wa kazi, ametoka mbali, labda ananizidi miaka mitatu. Tulikuwa tukionana bombani. Alikuwa na wimbo wake wa kupiga mbinja, ule ule kila siku. Usiku mwingine tulikuwa tunamsikia analia. Hakuwa analia kilio cha mtu mwenye homa. Usiku mmoja alilia kwa muda mrefu, mama akainuka, akafunga dirisha, akasema, "Si yetu." Asubuhi bombani msichana hakuja. Wala siku ya pili. Tukaambiwa amerudi kwao.

Labda alirudi kwao. Naomba iwe alirudi kwao.

Nilisikia. Mama alisikia. Nyumba nne zilisikia. Hakuna aliyekuja kutuuliza kitu, na hakuna aliyekwenda kusema. Mpaka leo jina lake la baba silijui. Mbinja yake naikumbuka.

Ndiyo sababu sasa nasoma riwaya za mauaji kwa macho mengine. Zamani nikimtafuta aliyeua. Siku hizi, mpelelezi akiingia mtaani na kuanza kubisha hodi, mimi naitazama milango. Nani kafungua upesi mno? Nani kasema "sisi tulikuwa tumelala"? Mwandishi anayejua kazi yake hatuletei mtaa wa mabubu. Anatuonyesha watu wazuri, wacha Mungu, wanaopelekeana futari, na kila mmoja ana kipande chake cha ukweli amekifunga kwenye ncha ya leso. Wakivitoa vyote mezani, mpelelezi hana kazi. Hawavitoi. Na wakiulizwa kwa nini, wanasema sitara. Mama yangu naye angesema hivyo, Mungu amrehemu, na alikuwa mtu mwema.

Ndugu zangu, mtu kukosea na mtu kuumizwa ni mambo mawili. La kwanza nitalifunika na khanga yangu mwenyewe. La pili, khanga hiyo nikiitandaza juu yake, namfunika nani? Namfunika anayelia au anayeliza?

(Hapa mzee mmoja wa safu ya mbele alisema, "Anayeliza." Nikamshukuru.)

Tutoke mtaani, twende nchini. Riwaya ya kisasa iliyonikaa kuliko zote mwaka huu ni Dust, ya Yvonne Adhiambo Owuor. Wauza vitabu hawaiweki rafu ya upelelezi, lakini ina mwili na ina swali. Kijana Odidi anapigwa risasi barabarani Nairobi, wakati wa uchaguzi wa 2007. Dada yake Ajany amerudi kutoka Brazili, na pamoja na baba yao wanampeleka nyumbani kaskazini, nyumba iitwayo Wuoth Ogik. Huko anakuja Mwingereza akimtafuta baba yake aliyepotea. Kadiri unavyouliza nani kamuua Odidi, ndivyo unavyorudishwa nyuma, mpaka kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969, mpaka siku za Mau Mau, mpaka kwa mzee aliyeapa kutosema. Mwandishi anakitaja kimya kama lugha ya tatu ya taifa, baada ya Kiingereza na Kiswahili. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatazama maji. Nikaona lile dirisha la Majengo, safari hii limefungwa na serikali.

Si kitabu chepesi. Kurasa hamsini za kwanza zilinitoa jasho, sentensi zimekatwakatwa, unasoma kama unayetembea juu ya mawe ya pwani maji yakiwa yamekupwa. Mkianza, msikiache. Nawasihi.

Kuhusu Willy Gamba nitasema kidogo, kwa kuwa najua kuna wapenzi wake humu. Elvis Musiba alimleta kwenye Kufa na Kupona mwaka 1974, na kaka zangu waligombania nakala moja mpaka ikapasuka. Nimemrudia mwaka huu. Mbio zake bado ni tamu, na fahari yake ya kuwa mpelelezi Mwafrika anayepigania Afrika nakubali ilihitajika. Ila wanawake wake sikuwaelewa hata mmoja. Wanaingia wazuri, wanatoka maiti au wasaliti. Bibi angeuliza, huyo mamake ni nani, na Willy asingekuwa na jibu.

Sasa niseme la kwetu, kisha nikae.

Miezi mitatu iliyopita niliingia duka moja la vitabu hapa mjini. Nikauliza, mna riwaya za upelelezi za Kiswahili? Kijana wa dukani, mpole kabisa, akanipeleka kwenye rafu. Rafu nzima ni vitabu vya mtihani na miongozo yake. Nikamwambia, la, nataka kitabu cha kusoma. Akanitazama. "Hivi ni vya kusoma." Nikasema, vya kusoma na hakuna atakayeniuliza maswali. Akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi: "Hivyo hatuweki. Haviko kwenye silabasi."

Simlaumu kijana. Lakini iliniuma, na bado inaniuma. Mji wa malenga Muyaka bin Haji! Mji wa watu waliotega mafumbo kwa beti, wakajibizana kwa beti, na mji mzima ukawa unafumbua! Fumbo tulikuwa nalo kabla ya mpelelezi yeyote kushika kiko. Leo mwenye kiu ya fumbo anaambiwa halimo kwenye silabasi?

Na Mombasa yenyewe iko vitabuni, msidhani haimo. Khadija Abdalla Bajaber, binti wa mji huu, alitoa The House of Rust mwaka 2021. Baba mvuvi amepotea baharini, na binti yake Aisha anaondoka kumtafuta kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka anayesema. Ukikisoma unasikia harufu ya Mji wa Kale, unamwona bibi anayetaka msichana atulie aolewe. Ni utafutaji wa mtu aliyepotea kama ule wa mpelelezi yeyote, ila mashahidi wake ni kunguru na majini. Nilikipenda mno. Na kila ukurasa nilikuwa nikitafsiri kichwani, kwa sababu kimeandikwa kwa Kiingereza, na watu wake nawasikia kwa Kimvita. Namuwazia shangazi yangu wa Kisauni, msomaji hodari kuliko mimi, Kiingereza hajui. Kitabu cha mtaani kwake hawezi kukisoma.

Abdulrazak Gurnah alitoa Paradise mwaka 1994. Tumekipata kwa Kiswahili, Peponi, kwa kazi njema ya Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Hesabuni. Miaka ishirini na minane, na ilibidi kwanza mwandishi apewe Nobeli ya fasihi, 2021. Shangazi yangu ana miaka sitini na tisa. Angoje ishirini na minane mingine?

Nimeuliza. Mwenye jibu atanikuta kwenye kahawa.

Imebaki penseli.

Baada ya siku mbili hasira zilinitoka, nikaendelea na kitabu. Nikakisoma chote nikimtazama yule aliyeandikiwa "Ni huyu". Kila neno lake nililiona la mkosaji. Akicheka, nikaona anaficha. Akinyamaza, nikaona anapanga. Nilimhukumu mwanzo mpaka mwisho kwa maneno mawili ya mtu nisiyemjua. Nilipofika kurasa za mwisho, Bwana Msa akafungua mafumbo yake yote, na hakuwa yeye. Na pale chini, kwa mwandiko ule ule, penseli imekolezwa zaidi kidogo, paliandikwa: "Nilikosea. Sikuwa mimi peke yangu niliyemdhania. Utakayesoma, nisamehe."

Sikufuta. Nimeirudisha nakala kama nilivyoikuta. Mwandiko ni wa kuinamia kushoto, na herufi ya "h" ina mkia mrefu. Kama mwenyewe yumo humu ukumbini, namwomba anione kabla hajaondoka. Nataka kujua alimdhania kwa lipi.